Kwa nini kansa ya titi hukimbilia mifupani?

Gazetini napewa maneno mia nne, na mhariri akiamka vibaya yanakuwa mia tatu. Kwa hiyo mambo marefu nayaleta hapa. Leo nina habari ndefu ya kansa ya titi, na nawaomba wasomaji wangu msikimbie, maana hii ni historia kuliko somo la udaktari. Ni historia ya maswali mawili yaliyoulizwa na madaktari wa upasuaji wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, kila mmoja kivyake, na ikachukua karibu miaka mia moja watu kuona kwamba maswali hayo ni ndugu.

Swali la kwanza: kwa nini kansa ya titi ikihama haiendi popote tu, bali ina sehemu inazozipenda, na mifupa iko mstari wa mbele? Swali la pili: ovari ziko huko chini tumboni, zinahusikaje na uvimbe ulio kifuani?

La kwanza liliulizwa na Stephen Paget mwaka 1889, katika jarida la The Lancet. Kwanza nimtambulishe. Baba yake, Sir James Paget, alikuwa maarufu kuliko yeye mara kumi. Kuna ugonjwa wa chuchu ya titi unaoitwa kwa jina la Paget, na kuna ugonjwa wa mifupa unaoitwa kwa jina hilo hilo, na yote miwili ni ya mzee. Kijana naye akaja kuunganisha titi na mfupa kwa njia yake.

Wakati ule wengi waliamini kwamba kansa husambaa kwa bahati tu: chembe zinamegeka, zinaingia kwenye damu, zinakwama popote. Paget hakuwa na mashine yoyote ya ajabu. Alifanya kazi ambayo hata mwandishi wa habari anaielewa: alikaa chini akahesabu. Alikusanya taarifa za wanawake 735 waliokufa kwa kansa ya titi na kuangalia ilikuwa imefika wapi. Kwenye ini, wanawake 241. Kwenye wengu, 17 tu! Sasa wengu nao unapata damu nyingi. Kama ni bahati nasibu, mbona wengu unaponea? Akaangalia na mifupa. Kansa hii ilipenda mifupa fulani, kama ule wa paja, wakati mifupa ya viganja na nyayo ilikuwa haiguswi kabisa.

Ndipo akaja na mfano wa mkulima, ambao mwenyewe alikiri kuwa ulitangulia kwa daktari wa macho wa Austria, Ernst Fuchs. Mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu ilipokuta udongo unaoifaa. Paget aliona watu wote wanachunguza mbegu na hakuna anayechunguza udongo. Nami nikisoma hesabu zake naona alikuwa sahihi, ila hakuwa na njia ya kusema udongo wa mfupa una nini hasa. Hata miaka 50 baadaye bado watu walibishana. Mwaka 1940 Oscar Batson wa Philadelphia alionyesha kwamba kuna mtandao wa mishipa ya vena kuzunguka uti wa mgongo, isiyo na vali, ambayo damu inaweza kupita humo mbele au nyuma. Kumbe kansa ya kifuani ina barabara yake ya kufika mgongoni bila kupitia kwenye mapafu. Basi ni barabara au ni udongo? Leo tunajua ni vyote viwili.

Tumwache Paget, twende Uskoti.

George Beatson alisoma udaktari Edinburgh, na tasnifu yake ya miaka ya 1870 haikuhusu kansa. Ilihusu maziwa. Alikuwa ameishi kidogo mashambani, karibu na wafugaji wa kondoo, akawa anajiuliza ni nini kinachoamuru kiwele kianze kutoa maziwa na kinachoamuru kiache. Akapata habari kwamba katika nchi fulani wafugaji walikuwa wakimtoa ng'ombe ovari baada ya kuzaa ili maziwa yasikatike. Wazo hilo likamkaa kichwani karibu miaka 20: kiungo kimoja kinakiamuru kiungo kingine kilicho mbali, na hakuna mshipa wa fahamu unaoonekana kuviunganisha. Kumbukeni neno homoni lilikuwa halijazaliwa. Lilianza kutumika mwaka 1905. Beatson alikuwa anashika kitu kisicho na jina.

Juni 1895, akiwa Glasgow, alimfanyia upasuaji mwanamke wa miaka 33 ambaye kansa ya titi ilikuwa imemrudia baada ya titi kukatwa, imetapakaa kwenye ngozi ya kifua. Kwa kawaida ya siku zile mgonjwa wa namna hiyo alikuwa wa kusubiri tu. Beatson hakugusa uvimbe. Alitoa ovari. Miezi ikapita, uvimbe ukanywea mpaka ukatoweka kwa macho. Yule mama aliishi karibu miaka 4 zaidi. Taarifa ilitoka kwenye The Lancet mwaka 1896, na madaktari wa upasuaji wakaikimbilia.

Hapa ndipo habari inapokuwa chungu, na ndipo nilipotaka kuwafikisha.

Mwaka 1900 daktari mwingine wa upasuaji, Stanley Boyd, alikusanya taarifa za wanawake 54 waliotolewa ovari kwa sababu hiyo. Waliopata nafuu walikuwa kama theluthi moja. Hebu itafakarini hesabu hiyo. Kati ya wanawake watatu, mmoja anafunguliwa tumbo na ananufaika. Wawili wanafunguliwa tumbo, kwa usingizi wa dawa na usafi wa miaka ile, wanapoteza uwezo wa kuzaa, wanaingia ukomo wa hedhi ghafla, na kansa inaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Na hakuna daktari duniani aliyeweza kuwaambia kabla ya kisu kwamba wewe utakuwa yule mmoja, nyinyi mtakuwa wale wawili.

Theluthi hiyo ilikataa kubadilika kwa zaidi ya nusu karne. Homoni ya estrojeni ilipatikana ikiwa safi mwaka 1929, sayansi ikasonga, lakini mgonjwa alibaki kwenye bahati nasibu ile ile. Na viungo vya kutoa vikaongezeka. Charles Huggins wa Chicago, ambaye mwaka 1966 alipewa tuzo ya Nobel kwa kuonyesha uhusiano wa homoni na kansa ya tezi dume, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuwatoa wanawake tezi zilizo juu ya figo, kwa kuwa nazo ni chanzo cha homoni hasa baada ya ovari kuzeeka. Stockholm wakapanda juu zaidi: wakatoa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo! Mgonjwa aliyetolewa tezi za juu ya figo ilibidi ameze dawa ya kortisoni maisha yake yote, la sivyo angekufa.

Kabla hatujawaita wakatili, tujue kwa nini walifanya hivyo. Wengi wa wagonjwa hao kansa ilikuwa mifupani. Kansa ya mifupani ina maumivu ambayo mtu hageuki kitandani. Mbavu zinavunjika kwa kukohoa. Pingili ya mgongo inabonyea na miguu inakufa ganzi. Na ilitokea, kwa wale wenye bahati, mama aliyekuwa halali usiku kwa maumivu akaamka baada ya upasuaji na maumivu yamepungua kwa haraka ya kushangaza. Daktari aliyeona hivyo mara moja asingeweza kuacha. Tatizo lilikuwa lile lile: mmoja kwa watatu, na hujui ni yupi.

Aliyefungua fundo hili hakuwa daktari wa upasuaji. Elwood Jensen alikuwa mkemia, katika maabara ya huyo huyo Huggins, Chuo Kikuu cha Chicago. Miaka ya 1950 wataalamu wengi waliamini kwamba estrojeni inafanya kazi kwa kubadilishwa kikemia ndani ya seli, kama kuni zinavyogeuka majivu. Jensen akageuza swali. Badala ya kuuliza homoni inaifanya nini seli, akauliza seli inaifanya nini homoni. Yeye na mwenzake Herbert Jacobson wakatengeneza estrojeni yenye haidrojeni ya mionzi ili waweze kuifuatilia hata ikiwa kidogo sana, wakawadunga panya jike wachanga.

Wakaona kitu safi kabisa. Kwenye damu na kwenye misuli, homoni iliingia ikatoka. Kwenye mji wa mimba, iliingia ikabaki. Tena ilibaki vile vile ilivyo, haijageuzwa chochote. Maana yake ndani ya seli za mji wa mimba kuna kitu kinachoidaka na kuishikilia. Kitu hicho ndicho tunachokiita kipokezi.

Mfano wangu ni huu. Redio inarusha matangazo na mawimbi yanapita kila mahali, juu ya mabati, juu ya minazi, yanapita hata kwa jirani yako. Lakini anayesikia taarifa ya habari ni mwenye redio tu. Estrojeni inazunguka mwili mzima kwenye damu. Seli yenye kipokezi inasikia na inatii; isiyo nacho haijui hata kama kuna matangazo.

Jensen alisimulia mwenyewe kwamba alipowasilisha matokeo haya kwenye mkutano Vienna mwaka 1958, ukumbini walikuwemo watu watano, na watatu kati yao walikuwa wazungumzaji wenzake wakisubiri zamu. Ukumbi mwingine, ambako wakubwa walikuwa wakieleza ile nadharia ya zamani, ulikuwa umefurika. Nawapa kisa hiki bure wale wanaopima umuhimu wa jambo kwa idadi ya waliohudhuria.

Kufika mwaka 1971 Jensen na wenzake walikuwa wameonyesha jambo ambalo Beatson angelilipia kwa gharama yoyote. Ukichukua kipande cha uvimbe wa titi na kupima vipokezi, unaweza kutabiri. Uvimbe usio na vipokezi vya kutosha karibu kamwe haujali ukitoa ovari au tezi. Wenye vipokezi, mara nyingi unajali. Theluthi ya Boyd ikawa imepata maelezo baada ya miaka 71. Zilikuwa kansa za aina tofauti zikiitwa jina moja, na baadhi yake zilikuwa na redio.

Wakati huo huo, upande mwingine wa bahari, kulikuwa na dawa isiyo na kazi. Mwaka 1962 mkemia Dora Richardson, wa kampuni ya ICI ya Uingereza, alitengeneza kitu kilichopewa namba 46,474. Mradi ulikuwa wa kutafuta kidonge cha kuzuia mimba. Kwenye panya kilifanya kazi vizuri. Kwa wanawake kikafanya kinyume: kikachochea yai litoke! Kidonge cha uzazi wa mpango kinacholeta mimba ni biashara ngumu, nadhani mtakubali. Lakini kiongozi wa mradi, Arthur Walpole, alikuwa na hamu ya zamani na kansa. Dawa ikapelekwa hospitali ya Christie, Manchester, na mwaka 1971 Mary Cole na wenzake wakatoa taarifa ya wanawake 46 wenye kansa iliyosambaa. 10 walipata nafuu nzuri. Ndiyo tamoksifeni. Inakaa kwenye kipokezi na kuziba masikio, homoni inapiga kelele nje na haisikiki. Kisu cha Beatson kikawa kidonge, na siku hizi ni kidonge cha bei nafuu, kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Takwimu zilizokusanywa kutoka kwenye majaribio mengi zinasema kwamba kukimeza kwa miaka 5 baada ya upasuaji kunapunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wenye vipokezi. Kwa wasio navyo, hakuna faida ya maana.

Sasa turudi kwa Paget na udongo wake, maana nilisema maswali haya ni ndugu.

Kansa za titi zenye vipokezi vya estrojeni ndizo zinazopenda mifupa zaidi. Zisizo navyo hupenda zaidi mapafu, ini na ubongo, na huwa na haraka: zikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka michache ya mwanzo. Zenye vipokezi zina subira. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017, wa wanawake 62,923 wenye vipokezi waliotibiwa kwa miaka 5 na kuonekana wamepona, ulionyesha kwamba kansa iliendelea kurudi kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka mwaka wa 20. Seli zinalala, na sehemu moja zinapolala ni kwenye uboho, ndani kabisa ya mfupa.

Mfupa wenyewe tunauona kama nguzo ya zege, kumbe ni kiwanja cha ujenzi kisichofungwa. Kuna seli zinazobomoa na seli zinazojenga, usiku na mchana, katika maisha yako yote. Mwaka 1987 ilitambuliwa protini ambayo seli za kansa huitoa na inayofanana na homoni ya kupandisha kalsiamu kwenye damu. Kansa ya titi ikifika mfupani hutoa protini hiyo, na wajenzi wakiipata huwaamuru wabomoaji waongeze kasi. Mfupa ukibomolewa, vinavyomwagika kutoka ndani yake ni virutubisho vya ukuaji, ambavyo vilikuwa vimehifadhiwa humo kama akiba. Kansa inavila, inakua, inatoa protini zaidi, mfupa unabomolewa zaidi. Huo ndio udongo wa Paget, na mbegu inautilia mbolea yenyewe. Dawa za kuwatuliza wabomoaji zilianza kuidhinishwa kwa wagonjwa hawa miaka ya 1990. Ukoo wa dawa hizo, mtacheka, ulitokana na kemikali zilizotumika kuzuia chokaa isigande kwenye mabomba ya maji.

Na hapa kuna kitendawili. Estrojeni hiyo hiyo inayoilisha kansa ndiyo inayoulinda mfupa. Ndiyo maana wanawake waliofikia ukomo wa hedhi mifupa yao hudhoofika. Ukizima estrojeni yote mwilini, kama zinavyofanya dawa nyingine za homoni zilizokuja baada ya tamoksifeni, unaibana kansa lakini mfupa unapungua nguvu. Tamoksifeni ina tabia ya ajabu: kwenye titi inaziba kipokezi, ila kwenye mfupa wa mwanamke aliyekwisha kuacha kupata hedhi inakiwasha kidogo na kuulinda. Kipokezi ni kile kile, dawa ni ile ile, lakini kiungo tofauti kinaleta jibu tofauti. Paget angefurahi.

Kwa hiyo mtu akikwambia shangazi yake "kansa ya titi imekwisha, sasa amepata kansa ya mifupa", huenda si kweli. Seli zilizo kwenye nyonga yake zinaweza kuwa bado seli za titi, na mara nyingi bado zina vipokezi. Bado zinasikia redio, na bado zinaweza kuzibwa masikio. Kansa ikifika huko kwa kawaida haiponi kabisa, ila kuna wanaoishi nayo miaka, wakitembea na kufanya kazi zao. Lakini mgongo ukimuuma mtu aliyewahi kuugua kansa ya titi, hata kama ni miaka 12 iliyopita, hatuwazi hivyo. Tunasingizia godoro au ndoo ya maji. Maumivu yasiyotulia hata akilala yanahitaji kuangaliwa, na miguu ikianza kulegea au haja ikawa haizuiliki, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, si ya kusubiri kliniki ya Jumatatu.

Limebaki jambo moja, na hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Kwa miaka mingi imesemwa kwamba kansa za titi za wanawake wa Afrika nyingi hazina vipokezi. Kauli hiyo ina madhara: kama unaamini redio haipo, kwa nini uhangaike kuipima, na kwa nini utoe kidonge? Mwaka 2014 jarida la PLoS Medicine lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi kutoka barani humu, kaskazini na kusini mwa Sahara. Zaidi ya nusu ya kansa zilikuwa na vipokezi. Na kulikuwa na jambo jingine humo ndani. Tafiti zilizotumia vipande vya zamani vilivyotunzwa stoo zilipata wenye vipokezi pungufu kwa kama asilimia 10 kuliko zile zilizokusanya vipande vipya kwa mpango maalumu.

Kipokezi ni protini, na protini huharibika. Kipande cha nyama kikitoka chumba cha upasuaji kinatakiwa kiingie kwenye formalini mapema, formalini ya kutosha na yenye nguvu sahihi, kisha kikae muda unaotakiwa. Kikiachwa mezani mchana kutwa kwa sababu kopo la dawa limeisha, au ndugu wakaambiwa wakipeleke wenyewe maabara na basi likachelewa, vipokezi vinaweza kufa humo humo njiani. Maabara itapima kwa uaminifu kabisa, itaandika "hakuna", na mama wa watu atarudi nyumbani bila tamoksifeni.